Mbwa Aliyengojewa Apone

Hebu mwone akija. Ni asubuhi ya Molo, ile ya baridi inayong'ata masikio, na ukungu umeshuka kutoka msitu wa Mau ukafunika malisho mpaka ng'ombe wanasikika tu, hawaonekani. Katika njia ya lori za viazi anatokea mwanamke mmoja, ameinama, ukanda wa mzigo umemkaza kwenye paji la uso. Amevaa koti la kijeshi ambalo marehemu mumewe alirudi nalo kutoka vita vya Burma. Mikono ya koti ameikunja mara tatu na bado inamfika vidoleni. Miguu mitupu. Mgongoni ana gunia. Ungesema ni kuni, kwa sababu kuni ndizo alizoendea. Lakini kuni hazipumui, na gunia hili lilikuwa likipumua.

Waliomwona kwanza ni wanawake waliokuwa wakienda kuchuma pareto. Mmoja wao, Mugure, ambaye ulimi wake haukuwahi kulala njaa, akasimama katikati ya njia.

"Mama Cheptoo, umewinda au umeiba?"

"Nimeokota."

"Msituni? Siku hizi mtu huokota nini msituni?"

"Mbwa."

Wakacheka, kisha kicheko kikakatika kabla ya wakati wake. Maana mwaka ulikuwa wa hamsini na nne, emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali, imeshaingia mwaka wake wa pili, na msitu ule ulikuwa na watu ndani yake waliokuwa wakipigana na serikali hiyo. Nani na nani, hakuna aliyesema anajua. Kila aliyekwenda kule alitazamwa akienda na akatazamwa akirudi, na chochote kilichotoka huko, hata uyoga, kiliulizwa kimetokaje. Mugure akalitazama gunia mara ya pili, akajifunga kitambaa chake vizuri, akawaambia wenzake, "Twendeni. Sisi hatukuona kitu."

Na wote walikuwa wameona.

Mwanamke huyo jina lake Chepkemboi, Mkipsigis wa upande wa Kericho. Mumewe alirudi kutoka vitani na koti na kikohozi. Kikohozi kikamwua, koti likabaki. Binti yake mmoja, huyo Cheptoo, aliolewa Mau Narok kwa watu wa mashamba ya ngano, na mama mtu akabaki katika shamba la mzungu mmoja ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kofia, kwa sababu hawakuwahi kukiona kichwa chake. Kibanda cha Chepkemboi kilikuwa cha mwisho katika laini za wafanyakazi, ile safu ya vibanda vyao. Cha pili kutoka mwisho, ua mmoja tu katikati, kilikuwa cha Waithaka na mkewe Rahab, Wakikuyu.

Kazi yake ilikuwa ndama. Ndama aliyetengwa na mama yake hajui ndoo, na ukimsukumia kichwa ndani atapaliwa afe. Chepkemboi alichovya vidole viwili katika maziwa, ndama akavinyonya, naye akaushusha mkono polepole, polepole, mpaka pua ikagusa maziwa na ulimi ukayaonja. Siku ya tatu alivitoa vidole, na ndama akaendelea kunywa bila kujua kwamba amedanganywa. Wapo wanaume walioijaribu kazi hiyo wakashindwa, kwa sababu inataka mtu asiye na haraka. Bwana Kofia alijua. Ndiyo maana mjane asiye na mtoto wa kiume wala ng'ombe aliruhusiwa kukaa na kibanda chake.

Sasa turudi kwenye gunia. Alipolifungua mlangoni pake, kwanza ilitoka harufu, kisha mbwa. Dume, mwekundu kama udongo wa njia, mbavu nje, macho ya njano kwa homa ya kupe. Shingoni alikuwa na waya wa mtego. Ulikuwa umezama mpaka nyama ikaufunika, kama mti unavyomeza waya wa ua ulioachwa juu yake miaka mingi. Ncha moja ilining'inia, na ilikuwa imekatika. Ameutafuna mwenyewe, au kuna mkono uliomkatia? Chepkemboi aliitazama ncha ile kitambo, kisha akaacha kuitazama.

Rahab alikuja upande wake wa ua. Wawili hawa walikuwa wakipeana makaa asubuhi na chumvi jioni, na kila mmoja alikijua kikohozi cha mwenzake.

"Ni wa nani?"

"Hakusema."

"Usinichekeshe, Mama Cheptoo. Huyo ana mwenyewe. Mbwa hawi hivi hivi."

"Basi mwenyewe atakuja kumchukua."

Rahab akatazama juu, kule ukungu ulikokuwa mzito. "Omba asije," akasema. Kisha akaingia ndani, akarudi na koleo la mumewe la kukatia waya, akalirusha juu ya ua bila kuuvuka.

Kuutoa waya kulichukua muda wa kupika maharagwe. Jeraha lilikuwa na mabuu. Aliyaosha kwa maji ya chumvi ya vuguvugu mpaka yakaacha kutoka. Mbwa hakuuma. Hakuwa na nguvu hata ya kuuma. Koo lilikuwa limevimba asiweze kumeza, kwa hiyo Chepkemboi alifanya alichokijua: alichovya vidole viwili katika maziwa yaliyobakishwa na ndama, akaviingiza kati ya meno yale, akangoja. Alingoja sana. Mwishowe ulimi ukatikisika mara moja.

"Haya, bwana mkubwa," akasema. "Tumeanza."

Hakumpa jina. Alisema jina ni la mwenye mbwa. Lakini watu wa laini walimwita Waya, na jina lisilo la mtu huenea upesi kuliko lenye mwenyewe.

Siku ya tatu alikuja Kiptanui, mnyapara. Kiptanui alikuwa mtu wa kwao, wa lugha yake, na hilo halikumsaidia sana, kwa kuwa cheo kilikuwa kimemfundisha kuzungumza na kila mtu kama anayemwita kutoka ng'ambo ya mto.

"Mama Cheptoo! Mbwa asiye na kibati cha leseni shingoni hupigwa risasi. Kichaa cha mbwa kimeingia Njoro. Hukusikia?"

"Nimesikia. Mpige. Ila kwanza mwambie Bwana kwamba mbwa ana alama ya mtego, asije akaniuliza mimi baadaye."

"Mtego?" Kiptanui akachuchumaa. Aliyapekua manyoya ya shingo kwa fimbo, akauona waya ambao Chepkemboi alikuwa ameutundika kwenye msumari wa ukuta. Akautoa, akaukunja, akautia mfukoni. Hakusema tena habari ya risasi, na hilo ndilo lililomtia Chepkemboi baridi.

Baada ya siku mbili Landrova ya polisi ilisimama mbele ya laini. Alishuka inspekta kijana, mzungu mwenye masikio mekundu, na Kiptanui nyuma yake. Waya ulikuwa mkononi mwa inspekta. Alisema, kwa Kiswahili chake cha mashambani, kwamba askari wameukuta waya kama huo msituni, katika kambi ambayo majivu yake yalikuwa bado na joto. Kwamba watu wa msituni hutega swala kwa waya huo. Kwamba mbwa wa kambi hunaswa na mtego wa mwenyewe.

"Afande, Wandorobo wawindaji pia hutega," Chepkemboi akasema. "Na mbwa wanao."

"Labda. Nani nyingine nalisha hii mbwa? Nani nashika yeye?"

Hapo sikiliza vizuri, kwa sababu neno alilojibu lilimrudia. Chepkemboi aliona milango ya laini imefunguka kidogo kidogo, na nyuma ya kila mlango jicho. Akafikiri: nikitaja mtu yeyote, nimemtia taabuni. Akajibu, "Hakuna. Ni mimi tu. Hakuna mkono mwingine uliomgusa."

"Mzuri," inspekta akasema, na akatabasamu kweli, kama kijana aliyepata jawabu la fumbo. "Basi ponyesha yeye."

Kiptanui ndiye aliyemfafanulia, kwa lugha yao, Landrova ilipokwisha kuondoka. Mnajua mambo ya skrini, ule ukaguzi wa kuwachuja watu, yalivyokuwa siku zile. Watu walipangwa mstari, akaletwa mtu aliyevishwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho, akapita akiwatazama. Mbele ya yule anayemjua, alitikisa kichwa. Kutikisa mara moja tu, na mtu akapandishwa lori. Sasa wenye magunia walikuwa hawaaminiki tena: wengine walitikisa kwa chuki, wengine kwa woga. Ndipo Kiptanui akapata wazo lake. Mbwa hana chuki na shemeji, hatishwi na kiboko, haombi shamba la mtu. Mbwa huyu akipona, Wakikuyu wa shamba, ambao serikali iliwashuku wote kuwa ndugu za watu wa msituni, watapangwa mstari, naye ataachiliwa. Atakayemwendea kwa mkia, huyo ndiye anayempelekea chakula mwenye mbwa huko msituni, au ndiye mwenye mbwa.

"Mbwa hawezi kusema uwongo," Kiptanui akamalizia, na akaupigapiga mfuko wake kama mtu mwenye hati ndani.

"Na asipopona?"

"Asipopona," akasema, "nitauliza amekufa kwa nini. Wewe ndiye uliyesema hakuna mkono mwingine."

Kwa hiyo elewa mama huyu alikuwa amesimama wapi. Akimponya mbwa, amemtengenezea serikali jicho, na mtu fulani, pengine mtu wa mlango wa jirani, atapanda lori. Akimwacha afe, yeye ndiye aliyeua ushahidi, na kibanda si chake tena. Usiku mbwa alilia kwa homa, naye akaamka kumfunika kwa koti la marehemu, akijitukana.

Habari hukimbia katika laini kuliko moto wa mabua. Kesho yake hakuna aliyemletea salamu. Waliokuwa wakimpita kisimani wakichota na kutaniana walichota kimya. Mzee Waithaka, mume wa Rahab, alisimama kwenye ua mbele ya watu. Alikuwa mwangalizi wa chumba cha kukaushia pareto, na mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache aliyefunga kifungo cha juu cha shati hata jasho likimtoka.

"Huyo akivuka ua huu," akasema, "nitampiga jiwe." Na jiwe alikuwa nalo mkononi.

Mugure akaja jioni, mpole kupita kiasi chake. Alileta mfupa wenye nyama, mnono, umefungwa katika jani la mgomba.

"Mpe mgonjwa wako, Mama Cheptoo. Maskini, mbwa mgonjwa hufa. Si ajabu akifa. Hakuna wa kukulaumu."

"Nyama umeitoa wapi, Mugure? Wewe hujala nyama tangu Krismasi."

"Ah! Mtu akikupa, unamhesabu meno?"

Chepkemboi akaupokea, akashukuru. Mugure alipoondoka aliunusa. Ulinukia nyama. Au ulikuwa na kitu kingine chini ya nyama, kama dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe? Aliunusa tena mpaka asijue ananusa mfupa au woga wake. Akauzika nyuma ya choo, na mpaka leo hakuna ajuaye kama alizika sumu au alizika wema.

Na mbwa, ambaye hakuambiwa lolote kati ya hayo, akaanza kupona. Uvimbe ukashuka. Akalamba uji. Siku ya kumi na mbili alisimama, akaanguka, akasimama tena, akajikojolea mguu. Siku hiyohiyo Chepkemboi aliporudi kutoka kwa ndama adhuhuri, alikuta shingo ya mbwa imepakwa unga wa pareto, lile vumbi la maua makavu linaloua viroboto na nzi. Umepakwa vizuri, kuzunguka jeraha, bila kulifunika. Yeye hakuupaka.

Akatazama kushoto na kulia. Nani? Watu sitini shambani walikuwa na vumbi la pareto kwenye kucha zao. Hakuuliza. Alichukua kitambaa chenye maji akalifuta lile vumbi lote, kwa sababu alikuwa amemwambia inspekta kwamba hakuna mkono mwingine.

Kwanza alijaribu kumrudisha mbwa msituni. Alimpeleka mpaka ukingo wa msitu, mahali mianzi inapoanza, akamfukuza, akamtupia donge la udongo, akarudi mbio bila kugeuka. Alipofika nyumbani mbwa alikuwa amefika kabla yake, na Kiptanui alikuwa ameegemea mlango.

"Ulikuwa unamtembeza?" Kiptanui akauliza.

"Anyooshe miguu."

"Upande wa msitu."

"Ndiko kwenye nyasi laini."

"Mama Cheptoo," akasema kwa upole uliozidi ukali, "usinifanye nianze kukuangalia na wewe."

Ndipo akapata shauri la pili, nalo lilikuwa zuri kweli, kama watu wangemwamini. Alifikiri hivi: mbwa humpenda anayemlisha. Basi kila mtu wa laini amlishe, hata kidogo, hata ganda la kiazi, ili siku ya mstari aende kwa wote, atikise mkia kwa wote, na ushahidi uwe upuuzi. Akamfunga kamba, akampitisha nyumba kwa nyumba na karai la viazi vya kuchemsha.

"Mpeni kwa mkono wenu," akawaomba. "Kiazi kimoja. Nimekuja nacho mwenyewe."

Wewe mwenyewe fikiri walichokiona. Waliona mwanamke wa kabila la mnyapara, aliyeambiwa na polisi amponye mbwa wa kutambua watu, sasa analeta pua ya mbwa huyo mpaka mlangoni. Milango ikafungwa mbele yake mmoja baada ya mwingine. Mtu mmoja alimwambia, "Mwambie Kiptanui sisi hatuna harufu." Watoto waliitwa ndani. Hakuweza kueleza kwa sauti, maana kueleza ni kukiri kwamba anaharibu kazi ya serikali, na ukuta wa udongo una masikio mawili mawili. Akamnong'oneza Rahab peke yake, kwenye ua.

"Rahab, mpe kiazi. Wewe na mzee. Nawaombea ninyi."

Rahab alimtazama rafiki yake wa miaka minane kama anayesoma barua aliyoandikiwa kwa mwandiko asioujua.

"Nataka kukuamini, Mama Cheptoo," akasema. "Lakini miaka hii kutaka hakutoshi." Akafunga dirisha. Hakulibamiza. Alilifunga taratibu, na hilo lilimwuma mwenzake zaidi.

Jumamosi iliyofuata Wakikuyu wa shamba, thelathini na mmoja, wanaume kwa wanawake, waliketishwa mstari mmoja kwenye uwanja wa ghala, mikono juu ya magoti. Wafanyakazi wengine wote waliamriwa watazame. Bwana Kofia alisimama mbali na kiko chake, kama mtu aliyealikwa kwenye mchezo asioupenda. Hakukuwa na mtu wa gunia siku hiyo. Inspekta akamwambia Chepkemboi amfungue kamba mbwa.

Vidole vilivyofundisha ndama mia kunywa vilishindwa na fundo moja. Kiptanui akalikata kwa kisu.

Waya alikaa chini akajikuna. Watu wengine wakataka kucheka, wakajizuia. Kisha akainuka, akaanza mwanzo wa mstari, pua chini. Alimnusa Ngigi wa trekta, akapita. Alimnusa Mugure, aliyekuwa amefumba macho akiomba kwa midomo, akamrudia mara ya pili, na uso wa Mugure ukawa rangi ya majivu, akapita. Alipita Rahab. Alifika kwa Waithaka.

Akasimama. Mkia ukaanza taratibu, kisha ukatikisa mwili mzima mpaka miguu ya nyuma ikateleza. Akakaa juu ya viatu vya mzee yule, akaweka kidevu juu ya goti lake, akashusha pumzi kama aliyefika. Waithaka alitazama mbele. Mikono yake haikuondoka magotini. Lakini kila mtu uwanjani aliona kwamba vidole vyake vilijikunja, kama vinavyozuiwa visiguse kichwa kilicho karibu.

"Aha," Kiptanui akasema, si kwa sauti kubwa.

Askari wawili wakasogea. Inspekta akamgeukia Chepkemboi.

"Wewe nasema hakuna nyingine. Wewe moja tu. Kweli?"

Katika kichwa cha mama yule kila kitu kilipita kwa pamoja: jiwe mkononi mwa mzee, koleo lililorushwa juu ya ua, ncha ya waya uliokatika, unga wa pareto uliopakwa kwa uangalifu. Kama mzee alikuwa akija kumhudumia mbwa yeye akiwa kwa ndama, basi alikuwa mtu mwema aliyeogopa kuonekana. Kama hakuwa akija, basi mbwa alimjua kutoka mahali pengine, na mahali pengine pangekuwa msituni tu. Hakujua. Nawaambia hakujua. Na akisema tu "alimlisha", ataulizwa mbona alificha. Alihitaji sababu ya kuficha ambayo hata mzungu ataiamini, na mjane anayo moja tu.

Akainamisha kichwa. Akavuta ncha ya koti mdomoni kama msichana.

"Nilidanganya, Afande. Mzee anamjua mbwa kwa sababu huja kwangu."

"Kuja? Kuja kufanya nini?"

"Afande, mimi ni mjane," Chepkemboi akasema. "Usiniulize mbele ya watu."

Kisha uwanja ukapasuka. Walicheka waliosimama, wakacheka waliokaa mstarini, wakacheka na askari. Kicheko cha watu waliokuwa wamezuia pumzi siku ishirini. "Mzee wa kanisa!" mtu akaita. "Na kifungo cha juu anakifungulia wapi?" Inspekta, masikio yake yamekuwa mekundu zaidi, aliandika kitu katika daftari, akakifuta, akamwuliza Waithaka kama ni kweli.

Waithaka angeweza kukana. Angekana, angepanda lori. Alinyamaza, na kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa ni kukubali. Inspekta akafunga daftari. Aliaminije? Nadhani ni aibu. Watu wa namna yake waliona rahisi kuamini aibu yetu kuliko kuamini maneno yetu.

Wawili tu hawakucheka. Mmoja ni Kiptanui, aliyemtazama mwanamke wa kwao kwa muda mrefu, akitafuna kijiti. Wa pili ni Rahab.

Basi lori likaondoka tupu. Mbwa alichanjwa, akavishwa kibati, akaruhusiwa kukaa. Chepkemboi alimwachia Mungu hayo mengine, na hayo mengine yakaja. Wanawake wa kwao waliacha kumwita jina la binti yake wakamwita la kejeli, ambalo sitalitaja. Kanisa lilimsimamisha Waithaka asishiriki Meza ya Bwana. Aliketi kiti cha nyuma, kifungo kimefungwa, hakujitetea kwa mchungaji wala kwa mtu. Alipokutana na Chepkemboi njiani aliinua kofia kidogo, kitu ambacho hakuwahi kufanya kabla, na hakusema neno. Je, kuinua kofia ni shukrani, au ni kumwambia mtu kwamba najua unanishika mahali gani? Alilala na swali hilo akaamka nalo. Kiptanui akawa anapita kila adhuhuri, wakati wa ndama, akitazama kama mzee anakuja.

Na mzee hakuwahi kuonekana akija.

Juma la tatu, mvua kubwa ya mchana ikinyesha, mlango uliguswa. Ni Rahab. Hakuwa amevuka ua ule tangu mbwa aletwe. Alisimama ndani akidondoka maji, akakataa kigoda. Waya akamwendea akamnusa mikono; Rahab akamwacha.

"Makaa yamezimika?" Chepkemboi akauliza, kwa kukosa la kuuliza.

"Makaa yapo." Rahab akakamua ncha ya kitambaa chake. "Nimemwuliza yeye. Siku ishirini na moja nimemwuliza. Hasemi. Ananiambia, Rahab, pika. Ananiambia, Rahab, lala. Basi nimekuja kwako. Mama Cheptoo, tumeazimana chumvi miaka minane. Sikuja kupigana. Nitazame. Mume wangu alikuwa akija hapa, au hakuwa?"

Chepkemboi akavuta mikono ya koti mpaka vidoleni.

Sasa tazama. Akimwambia ndiyo, amevunja nyumba ya rafiki yake kwa dhambi ambayo haikutendwa. Akimwambia hapana, amempa neno zito kuliko hilo: kwamba mbwa alimjua mumewe kutoka msituni, au labda tu kutoka adhuhuri za wema wa siri, na yeye mwenyewe Chepkemboi hajui ni ipi. Neno hilo Rahab atalibeba moyoni. Mstari mwingine utapangwa, leo au mwezi ujao, na Kiptanui anajua kuuliza. Mke asiyejua hawezi kusema. Mke anayejua hupigwa mpaka aseme.

"Nijibu," Rahab akasema. "Lolote. Nitalipokea."

Mvua ikaendelea. Mbwa akalala kati yao, kichwa juu ya mguu wa Rahab, akiwa mzima kabisa.

Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, ungekuwa ndani ya koti lile, ungemjibu nini?